Shaaban Robert: Hesabu ya maisha baada ya miaka hamsini

MWAKA wa 1959, karani mmoja wa serikali ya kikoloni katika mji wa Tanga alitimiza umri wa miaka 50. Alikuwa ameitumikia serikali hiyo tangu alipokuwa kijana wa miaka 17, akihamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na sasa siku za kuiaga ofisi zilikuwa zimekaribia. Alikuwa amekwisha kumzika mke, amelea watoto, na ameandika vitabu ambavyo baadhi vilikuwa vimechapishwa na baadhi vilikuwa bado miswada. Watu wengi wanapofikia rika hilo hujiuliza kimoyomoyo wamefanya nini cha haja hapa duniani. Karani huyu alijiuliza kwa kalamu.

Karani mwenyewe ni Shaaban Robert, na jawabu lake ni ile sehemu ya pili ya tawasifu yake ambayo aliipa jina la Baada ya Miaka Hamsini. Ndani yake ameandika habari za kazi, ndoa, watoto, uandishi na mustakabali wa lugha aliyoipenda. Hakujua, wala hakuna mja awezaye kujua, kwamba wakati huo alikuwa amebakiwa na muda usiofika hata miaka minne.

Wasomaji wengi wa Kiswahili nchini Kenya walikutana na jina hili wakiwa darasani. Kwa vizazi kadhaa vya wanafunzi, Shaaban Robert ni Kusadikika, ni Adili na Nduguze, ni mashairi ya kuhifadhiwa na kufafanuliwa beti moja baada ya nyingine. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kuwa alikuwa mwalimu, au profesa wa chuo kikuu fulani, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuandika. Hakuwa yeyote kati ya hao. Alikuwa mtu wa ofisi, na vitabu vyake vyote vya miaka ya 1940 na 1950 aliviandika katika saa alizoziponyoka kutoka kwa mwajiri na shughuli za nyumbani.

Alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, huko Vibambani, upande wa Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Nasaba ya wazazi wake ilikuwa ya Wayao, lakini yeye alijihesabu kuwa Mswahili, na kwa dini alikuwa Mwislamu, ijapokuwa jina la Robert limewababaisha wengi. Nchi wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Hakuwa ametimiza miaka sita pale majeshi ya Waingereza, ambayo aghalabu yalikuwa ya askari kutoka Bara Hindi, yaliposhuka Tanga mnamo Novemba 1914 na kutimuliwa na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, makundi ya nyuki yakiingilia kati na kuwavuruga wapiganaji. Vita hivyo vilipomalizika Mjerumani alikuwa ameondoka na Mwingereza ameingia. Mtoto aliyezaliwa chini ya bendera moja akasomeshwa chini ya nyingine.

Masomo yake aliyapata Dar es Salaam, katika shule ya Msimbazi, kati ya mwaka wa 1922 na 1926. Kwa Mwafrika wa enzi hizo, hiyo ilikuwa elimu ya kutosha kumpatia kiti cha karani lakini haikuwa ya kumfikisha mbali zaidi. Mara tu alipomaliza aliajiriwa katika idara ya forodha, akaitumikia hadi mwaka wa 1944, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Kutoka hapo alihamia idara ya wanyama kwa miaka miwili, kisha akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi mwaka wa 1952, na hatimaye ofisi ya upimaji wa ardhi hadi mwaka wa 1960. Ukijumlisha, ni miaka 34 ya kunakili, kupanga majalada na kuandika barua za watu wengine.

Mtu aweza kuipita orodha hiyo ya ofisi bila kuijali, lakini yafaa tuitafakari kidogo. Vyeo vya juu katika idara hizo vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika, hata awe na kipawa cha namna gani, alijua mapema dari lake li wapi. Lau Shaaban Robert angeyapima maisha yake kwa kipimo cha kupanda cheo, basi alipofika miaka 50 angekuwa na machache sana ya kujivunia. Ilimbidi atafute kipimo kingine, na alianza kukitafuta mapema.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam na idara ya elimu mwaka wa 1923, lilikuwa uwanja wa washairi wa kila mahali. Walimu, makarani, mashehe na wakulima walijibizana humo kwa beti. Humo ndimo jina la Shaaban Robert lilipoanza kujulikana. Mwaka wa 1930 nayo iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili katika nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kwa kukitumia Kiunguja kama msingi. Lugha iliyotokana na kazi hiyo haikupokewa kwa vifijo na kila mtu. Malenga wa Mombasa na Lamu, ambao walikuwa na hazina ya mashairi ya karne nyingi kwa lahaja zao, waliiona ni lugha ya vitabu vya shule na ya maofisa, lugha isiyo na chumvi. Hawakukosea sana. Ilihitajika kalamu ya mtu wa kuitia chumvi hiyo, na mmoja wa walioitia ni huyu karani wa forodha. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati hiyo.

Pigo kubwa la ujana wake lilikuwa kifo cha mkewe Amina. Katika Maisha Yangu, sehemu ya kwanza ya tawasifu, iliyotolewa mwaka wa 1949, kifo hicho ndicho kilele cha habari, na shairi alilomtungia marehemu ni miongoni mwa tungo za maombolezo zinazokumbukwa sana katika Kiswahili. Baada ya msiba alibaki na watoto ambao walikuwa bado wanahitaji uangalizi wa mama. Mja aliyefikwa na hayo hujua kuwa naye anaweza kuondoka wakati wowote, na kwamba wanawe wanaweza kubaki bila mtu wa kuwaambia lolote.

Alichofanya ni kuwaandikia. Bintiye alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Hizi ni tungo za wasia, zenye nasaha juu ya ibada, heshima, usafi, kazi, ndoa, urafiki na matumizi ya mali. Jina lenyewe la Hati linatukumbusha karatasi ambayo mtu huachiwa ili kuthibitisha kuwa kitu fulani ni chake. Baba asiyekuwa na mashamba makubwa wala majumba ya kurithisha aliwaachia watoto wake hati ya namna hiyo.

Hapa mwandishi alikuwa anafuata njia iliyopigwa zamani katika pwani yetu ya Kenya. Mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate aliyekuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha akiwa mgonjwa, na takriban miaka miwili baadaye akafariki. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona aliandika akiwa anakiona kifo kikimkaribia ilhali Shaaban Robert aliandika akiwa bado na nguvu zake. Ni kweli kwamba mengi ya mawaidha aliyompa binti yake yataonekana leo kuwa yanamfunga mwanamke mno katika utiifu kwa mume. Msomaji wa kisasa ana haki ya kutokubaliana nayo. Lakini hawezi kukosa kuona kuwa baba huyu aliichukulia akili ya binti yake kwa uzito uleule alioupa akili ya mwanawe wa kiume, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wakati huo.

Alioa tena, akaendelea na kazi. Katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alifuatilia habari za mapigano na kuanza kuzitungia utenzi mrefu wenye maelfu ya beti, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Ni kazi ya kustaajabisha. Mtu aliyekuwa mbali na medani za Ulaya na Asia aliamua kwamba vita hivyo vilistahili kuelezwa kwa bahari ileile ya utenzi ambayo mababu waliitumia kusimulia vita vya kale vya Uislamu. Kwa jina alilouchagulia utenzi huo, uhuru, yamkini alikuwa anawakumbusha Waingereza kuwa neno hilo waliokuwa wakilitangaza kila siku redioni lilikuwa na maana pia kwa Waafrika waliotawaliwa nao.

Kazi katika idara ya wanyama ilimpeleka bara, hadi Longido, karibu na mpaka wa Kenya. Safari hiyo ameisimulia katika tawasifu, na humo hakuficha jinsi rangi ya mtu ilivyoamua mahali pa kuketi na namna ya kuhudumiwa njiani. Hakupayuka. Kwa tabia yake ya upole aliandika kama mtu anayeuliza swali la haki mbele ya hakimu. Kuna wahakiki ambao wamemlaumu kwa upole huo. Wanasema alikuwa mtu wa kuhubiri subira wakati ambapo wenzake walihitaji wito wa mapambano. Wanaongeza kuwa serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE naye akaipokea.

Lawama hizo zina msingi, ila haziwezi kusimama peke yake bila kukitaja kitabu cha Kusadikika, kilichotoka mwaka wa 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha watu elimu ya sheria. Katika utetezi wake mbele ya mfalme, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini ili kuleta maarifa ya kuinufaisha nchi. Kila mmoja alirudi na manufaa, na kila mmoja alilipwa kifungo. Mwafrika yeyote aliyekisoma kitabu hicho mwaka wa 1951 alifahamu ni nchi gani iliyokuwa ikizungumziwa. Karani wa serikali aliyekuwa akila mshahara wa serikali aliandika kitabu kinachosema kuwa serikali inayowafunga wenye kudai haki haitaendelea, na kitabu hicho kikapita mikononi mwa wenye mamlaka kama hadithi ya kubuni. Sidhani kwamba mwandishi huyo anaweza kuitwa mwoga.

Kabla ya hapo, mnamo 1950, alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu linaeleza kuliko mengine yote alivyokuwa ameanza kufikiri juu ya umri na athari aiachayo mtu. Alikwenda Zanzibar kumtembelea Siti binti Saad.

Siti alikuwa mzee wa takriban miaka 70. Alizaliwa Fumba mwaka wa 1880, katika ukoo uliotokana na watumwa, na ujanani alikuwa akifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini kuviuza, huku akiimba njiani kuwaita wanunuzi. Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa kijijini. Aliimba taarabu kwa Kiswahili katika zama ambapo taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu, na mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri ambazo zilisikilizwa pwani nzima na hata bara. Nyimbo zake zilitaja dhuluma za mahakimu, masaibu ya maskini, na maovu waliyotendewa wanawake. Mwandishi alipomfikia, enzi hizo zilikuwa zimepita. Alimkuta mwanamke ambaye alikuwa amepata jina kubwa na sasa alikuwa anangoja siku zake zitimie. Siti alimsimulia maisha yake. Mwezi wa Julai mwaka huohuo alifariki dunia.

Lau Shaaban Robert angechelewa kwa miezi michache tu, masimulizi hayo yangezikwa pamoja na mwenyewe. Wasifu wa Siti Binti Saad ulichapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na hadi leo ndio chimbuko kuu la yale tuyajuayo juu ya mwimbaji huyo. Kitabu ni kidogo lakini uamuzi wa kukiandika ulikuwa mkubwa. Wasifu katika siku hizo uliandikwa juu ya masultani, magavana na wamisionari. Yeye alichagua binti wa watumwa, tena mwimbaji, tena mwanamke ambaye mahasidi wake walikuwa wamemtungia nyimbo za kumbeza sura yake na asili yake. Alimwona kuwa mtu ambaye maisha yake yalikuwa na faida kwa wengine, na kwake yeye hicho ndicho kilichokuwa kipimo.

Mwaka wa 1952 alitoa tafsiri ya rubai za Omar Khayyam, akizitoa katika Kiingereza cha Edward FitzGerald. Mshairi wa Uajemi aliyeishi zaidi ya miaka 800 kabla yake, ambaye kila mara anarejelea ufupi wa maisha na udongo unaotungoja, akazungumza Kiswahili kwa mkono wa karani wa Tanga. Shaaban Robert mwenyewe hakuwa na mwelekeo wa Khayyam wa kukata tamaa na kunywa. Aliamini katika malipo ya wema. Hata hivyo mtu hatafsiri kazi ndefu kama ile pasipo mvuto wowote wa rohoni.

Mwelekeo wake mwenyewe umo katika Utubora Mkulima. Utubora ni kijana aliyekuwa na kazi nzuri ya ofisi katika mji wa Unguja baada ya vita. Siku moja anaiacha, si kwa kufukuzwa wala kwa ugomvi, anavuka bahari, anakwenda kulima katika kijiji cha Busutamu. Wenzake wanamwona kuwa amepungukiwa na akili. Nani mwenye timamu angetupa mshahara wa mwisho wa mwezi akashike jembe? Kitabu kizima ni jibu la swali hilo. Utubora anasaidia majirani, anatibu, anapatanisha, anakuwa mtu wa kutegemewa. Kwa mwandishi aliyekaa ofisini zaidi ya miaka 30, ni vigumu kuamini kuwa hakuwa anajisimulia ndoto yake mwenyewe. Wahakiki husema kuwa wahusika wake ni wema mno au waovu mno, na majina yao yanakufichulia tabia zao kabla hawajatenda lolote. Hiyo ni kweli, na msomaji aliyezoea riwaya za siku hizi huchoshwa nayo. Ila kwa mtu aliyetaka kuuliza maisha yanafaa yatumiwe vipi, huenda hakuona haja ya kulificha jawabu.

Turejee sasa kwa yule mtu wa miaka 50. Alikuwa na sifa. Alikuwa amepata tuzo ya kumbukumbu ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na alikuwa amehudumu katika baraza la mji wa Tanga na katika vyombo vya kusimamia lugha na vitabu, ikiwemo ile Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliyokuwa na makao yake jijini Nairobi. Jina lake lilijulikana kutoka Lamu hadi Kongo. Sifa hizo zote hazikuwa zimemwondolea shida ya pesa. Mirabaha ya vitabu vya Kiswahili ilikuwa midogo, na wachapishaji walikuwa mbali. Diwani yake ya Pambo la Lugha ilitolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1940, miaka ileile ambayo Makaburu walianza kuweka sheria za ubaguzi. Kusadikika na Maisha Yangu zilitolewa na kampuni ya Nelson ya Uingereza. Kitabu cha Mswahili kilichoandikwa Tanga kilivuka bahari na mipaka kabla ya kumrudia msomaji wa Tanga.

Kadiri umri ulivyosonga ndivyo hali hiyo ilivyozidi kumkera. Kufikirika alikuwa amekiandika mwaka wa 1946. Alipotimiza miaka 50 kitabu hicho kilikuwa bado hakijachapishwa. Kadhalika ule utenzi wa vita. Kadhalika Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Tumzoee mwandishi kwa umbo tunalomwona leo, vitabu vyake vikiwa vimepangwa rafuni, na tutasahau kwamba yeye mwenyewe hakuliona rafu hilo. Alipoketi kuhesabu maisha yake, sehemu kubwa ya hesabu ilikuwa makaratasi yanayoweza kuliwa na mchwa.

Alijaribu kujichapishia. Insha na Mashairi na Almasi za Afrika zilitoka Tanga kwenyewe karibu na mwisho wa utumishi wake. Ilikuwa hatua ya ujasiri kwa mtu ambaye alikuwa anaelekea kuishi kwa malipo ya uzeeni. Wastaafu wengi, wakati huo na sasa, huzitumia akiba zao kununua ng'ombe, gari la abiria au ploti. Yeye alitaka kuchapisha mashairi. Kama biashara, jambo hilo halikumtajirisha, na jirani mwenye busara za kawaida angemshauri aachane nalo.

Kuna suala jingine ambalo lilimshughulisha kila alipowaza juu ya siku za mbele. Ni suala la lugha yenyewe. Waliosoma katika rika lake walianza kukitukuza Kiingereza kwa kuwa ndicho kilichofungua milango ya vyeo, na Kiswahili kikaonekana kuwa lugha ya jikoni, ya sokoni na ya kuamrishia vibarua. Kuandika kwa Kiswahili mwaka wa 1950 kulikuwa ni kucheza kamari kwamba kutakuwa na wasomaji wake miaka 50 baadaye. Mwandishi Mwafrika aliyetaka kusikika upesi aliandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert alikijua Kiingereza, alifanyia kazi ofisini na kutafsiri kutoka kwacho, lakini hakukitungia vitabu vyake. Shairi lake la Titi la Mama limeiweka hoja hiyo katika mfano ambao hata mtoto anaufahamu. Watoto wa Kiafrika, kwa maoni yake, wangekulia kwa maziwa ya nani?

Tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ilipata uhuru. Alikuwa hai, mwenye umri wa miaka 52, amekwisha kuachana na ofisi ya upimaji. Bendera ya tatu ya maisha yake ikapandishwa, na safari hii ilikuwa ya kwao. Mwaka uliofuata nchi ilianza kukitumia Kiswahili katika mambo makubwa ya kitaifa, na mwaka wa 1967 kikawekwa kuwa lugha ya shughuli za serikali. Kenya ilikiingiza bungeni mwaka wa 1974, na katiba ya mwaka wa 2010 ikakipa hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kamari ya karani ilikuwa imelipa.

Ila mchezaji mwenyewe hakuwapo. Alifariki mwezi wa Juni mwaka wa 1962, miezi sita tu baada ya uhuru, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Machui alikozaliwa. Kwa hesabu ya leo hata hakuwa mzee. Mtumishi wa umma nchini Kenya mwenye miaka 53 bado ana miaka saba kabla ya kustaafu. Hakupata ule uzee wa kukaa barazani na kuzungukwa na wajukuu ambao alikuwa ameanza kujiandaa nao kwa maandishi.

Vitabu vikaanza kutoka. Mwaka wa 1966 Maisha Yangu iliunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini, zikachapishwa pamoja katika jalada moja. Mwaka wa 1967 Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru zilitolewa na Oxford jijini Nairobi. Mwaka wa 1968 ikawa zamu ya Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Kwa wasomaji waliokuwa wakimfuatilia, ilikuwa kana kwamba mwandishi alikuwa na kasi zaidi kaburini kuliko alivyokuwa nayo ofisini. Miongoni mwa kazi zake zinazosomwa sana leo, kadhaa hakupata kuzishika zikiwa vitabu.

Miaka mingi baadaye, mnamo 2002, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kitabu cha barua zake. Barua hizo alimwandikia ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka wa 1931 hadi 1958, na hazikuandikwa kwa ajili ya umma. Zimejaa habari za nyumbani: magonjwa, madeni, karo, uhamisho wa kikazi, salamu kwa jamaa, na matumaini juu ya mswada huu na ule. Humo hayumo gwiji wa vitabu vya shule. Yumo kaka mkubwa anayemshauri mdogo wake, anayelalamika kidogo na kujitia moyo, tena katika lugha ileile iliyotakata ambayo wengine huivaa siku ya hadhara tu. Ndugu yule alizitunza barua hizo miaka yote, karatasi baada ya karatasi, tangu wakati ambapo aliyeziandika alikuwa karani wa forodha wa miaka 22 asiyejulikana na mtu.